Marumaru nyeupe kwenye meko ya kuota moto: jibu kwa msomaji wa Njombe

Swali: Fundi, habari za kazi. Tunajenga Njombe, na sebuleni tumeshajenga meko ya kuota moto kwa matofali ya kuchoma. Mdomo wake una upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Sasa tumefika kwenye urembo: miguu miwili ya pembeni, jiwe la juu na rafu yake. Mume wangu ameona picha ya marumaru nyeupe na hataki kusikia kitu kingine. Baba mkwe anasema mawe yamejaa Iringa na Songwe, ya nini kununua ya ng'ambo? Mimi naogopa yasije yakapasuka. Tuchague jiwe gani? Na televisheni inaweza kukaa juu yake?

Jibu: Dada yangu, hongereni kwa hatua mliyofikia, na ahsante kwa kuuliza kabla hamjalipa. Mara nyingi naitwa jiwe likiwa limeshabandikwa na limeshapasuka, na mwenye nyumba hana tena hela ya kuanza upya.

Nianze na jibu lenyewe ili nyumbani mpatane. Marumaru nyeupe inawezekana. Ikae kwenye miguu, kwenye jiwe la juu na kwenye rafu, lakini isiguse ukingo wa mdomo. Kati ya mdomo na marumaru pitisha mkanda wa itale (graniti) nyeusi wenye upana wa sentimita 15, kushoto, kulia na juu. Itale hiyohiyo ndiyo ilale chini, mbele ya meko. Mawe yanakuwa mawili tu, jeusi karibu na moto na jeupe nje ya hilo, mbali zaidi na moto. Hela ikibana, weka jiwe la Songwe mahali pa marumaru. Mimi ningeliweka hata kama hela haibani, na huko nitafika.

Jiwe la meko huchaguliwa kwa umbali wake na moto kwanza, rangi baadaye.

Somo la kwanza la mawe na moto nililipata kwa bibi yangu kule Kilolo, ambaye hakuwahi kuona meko ya sebuleni maishani mwake. Alipohitaji mafiga mapya hakuokota mtoni, ingawa mto ulikuwa karibu na mawe yake yalikuwa mazuri, ya mviringo. Alipanda kilimani, mahali pakavu. Akikuta jiwe analolipenda analigonga kwa jiwe jingine huku ametega sikio. Likilia kama kengele, analibeba. Likitoa sauti butu, kama ya chungu chenye ufa, analiacha palepale. Siku ya kwanza hakuinjika maharage. Aliwasha vijiti vichache, akauacha moto ufe, jioni akawasha tena mkubwa kidogo. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema, "La mtoni limekunywa maji. Likiona moto linatema."

Alikuwa sahihi kabisa. Maji yaliyojificha kwenye vinyweleo vya jiwe yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Yasipopata njia ya kutoka haraka, jiwe hulipuka, na vipande vyake huruka hadi machoni mwa watoto waliokaa mbele. Kwa hiyo mawe ya mtoni, hata yale ya kupanga bustanini yanayong'aa, yasiingie ndani ya meko wala kubandikwa ukingoni.

Sasa itale. Sisi wa Iringa tumezaliwa juu ya itale. Hata Gangilonga, lile jiwe lililo juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linalosema, ni itale. Watu hudhani kitu kigumu namna ile hakiogopi moto. Waulize wapasua kokoto. Asiye na baruti hulundika magogo juu ya mwamba, akachoma, mwamba ukishapata moto wa kutosha akaumwagia maji au akaupiga nyundo, nao ukabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Ndani ya itale kuna chembe za kwatzi, madini magumu yanayofanana na kioo. Zikifika nyuzi joto 573 chembe hizo hubadili mpangilio wake wa ndani na kuvimba ghafla, wakati madini yaliyozishika pembeni hayavimbi kwa kiasi hicho. Jiwe linajipasua lenyewe. Na mwali wa kuni kavu hupita nyuzi joto 600 bila shida.

Ndiyo maana ndani ya meko, pale kuni zinapolala na mwali unapolamba ukuta, siweki itale wala jiwe lolote la urembo. Pale ni pa matofali ya kuhimili moto, yaliyojengwa kwa udongo wa kuhimili moto. Kama hayapatikani, matofali yenu ya kuchoma yaliyoiva vizuri yatafanya kazi, ila mjue yataliwa polepole na mtayabadilisha. Itale ikitoka nje ya mdomo, ambako inapata joto bila kuguswa na mwali, haina mshindani: hainywi masizi, haikwaruzwi na gogo linaloburutwa, na kaa likiangukia juu yake unalifagia tu.

Nimesema itale nyeusi kwa sababu maalumu. Nyingi kati ya zinazouzwa kwa jina hilo, kama ile ya Zimbabwe, kijiolojia si itale. Ni doleriti, jiwe lililotokana na uji wa mwamba ulioyeyuka na kupoa ukiwa bado chini ya ardhi, na kwatzi yake ni kidogo sana. Kwa hiyo kile kinachoipasua itale ya kawaida hakimo, au kimo kwa uchache. Kwenye ule mkanda wa ukingoni hiyo ni faida kubwa, na rangi nyeusi inameza masizi ambayo yangeonekana kwenye jiwe jingine lolote.

Marumaru ndiyo yenye maneno mengi. Ukitaka kujua moto unaifanyia nini, nenda pwani. Watu wa mwambao tangu zamani wanapanga matumbawe juu ya magogo kwenye tanuu, wanachoma, na kinachotoka ni chokaa ya kujengea. Marumaru na matumbawe ni kitu kimoja kwa asili, yote ni kalisiamu kaboneti. Tofauti ni kwamba marumaru ilibanwa na kupikwa chini ya milima hadi ikawa fuwele. Ikifika karibu na nyuzi joto 900 nayo inakuwa chokaa. Sebuleni kwenu haitafika huko, lakini matatizo yake huanza mapema zaidi. Fuwele za marumaru zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine. Chembe zinasuguana, mshiko unalegea, na baada ya miaka uso unaanza kutoa chembechembe kama za sukari.

Mji wa Helsinki, Finland, una ukumbi uitwao Finlandia, uliobuniwa na Alvar Aalto na kufunguliwa mwaka 1971. Kuta zake za nje zilivikwa marumaru nyeupe ya Carrara kutoka Italia. Mabamba yale yakajipinda kama mbao mbichi iliyoachwa juani, yakabadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa marumaru nyingine, nayo ikajipinda. Pale hapakuwa na moto, ni jua, baridi na unyevu tu. Njombe, ambako asubuhi ya Julai sebule ni baridi ya kuumiza vidole na jioni meko yanawaka, jiwe linapanda na kushuka kila siku vivyo hivyo.

Nami nimeshaipasua marumaru. Ilikuwa nyumba ya shamba la chai kule Mufindi, miaka nikiwa bado kijana kazini. Mwenyewe alitaka jiwe la juu liwe bamba moja, mita moja na nusu, lifike hadi kwenye mdomo. Nikalichonga likaingia kati ya miguu miwili kwa kubana kabisa, hata wembe haupiti, nikajaza simenti kali nyuma. Nilijivunia ule mbano. Usiku wa tatu wa moto, mwenye nyumba alisikia "ta!" Asubuhi nilikuta ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kona ya mdomo na kupanda kwa mshazari hadi chini ya rafu. Wiki iliyofuata masizi yalikuwa yameshaingia, ufa umekuwa mstari mweusi. Hakuna dawa iliyoutoa. Jiwe la mita 1.5 likipata joto la ziada la nyuzi 80 hurefuka kwa takriban milimita moja, na mimi sikuwa nimeliachia hata robo yake.

Kwa hiyo mwambieni fundi mambo mawili. La kwanza, mkanda wa ukingoni usiwe bamba zima. Ukatwe vipande, vitatu juu na viwili kila upande, viachane kwa milimita 3 hivi. Mafundi wa Uingereza, wenye desturi ndefu ya kuzungushia meko kwa marumaru, hukata hata jiwe la chini vipande na kumimina zege nyuma yake, ili linapotanuka kiungo ndicho kifanye kazi, jiwe lisipasuke. La pili, nyuma ya mkanda na pale unapokutana na matofali, pawekwe kamba ya nyuzi za kioo ya kuhimili joto, ile ya kuzibia milango ya tanuri. Pasijazwe simenti ngumu.

Baba mkwe ametaja Songwe, na hapo nampa mkono. Lile ni travatini, jiwe lililojengwa na chemchemi za maji moto: maji yanapanda na chokaa, yanapoa, chokaa inabaki tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana lina vitundu na mistari. Kiasili ni ndugu wa marumaru, kwa hiyo nalo likae nje ya mkanda mweusi. Ninachokipenda ni rangi yake ya maziwa yaliyotiwa chai, inayochukuana na sebule yenye moto. Marumaru nyeupe katika nyumba inayowasha kuni kuanzia Mei hadi Agosti itakuwa na umanjano baada ya misimu kadhaa; mtaona tofauti siku mtakapohamisha saa ya rafuni na kukuta duara jeupe chini yake. Travatini inazeeka bila kulalamika. Sharti moja tu: muulize muuzaji vitundu vimezibwa kwa nini. Vikizibwa kwa simenti, chukua. Vikizibwa kwa gundi ya plastiki, gundi hiyo hugeuka rangi ikipata joto, kisha hutoka vipandevipande.

Kama mume wako atabaki na marumaru, bado si lazima iwe ya ng'ambo. Milima ya Uluguru ina marumaru, na Kajiado kwa majirani zetu Kenya wanachimba pia. Maduka ya Dar es Salaam yanauza za Oman, Uturuki, India na China. Asili si hoja kubwa. Hoja ni bamba lenyewe mtakalolipia.

Mawe mengine nayapitia haraka. Jiwe la majivu ya volkano, kama lile wanalokata kule Ndarugo karibu na Juja, Kenya, linavumilia joto vizuri ajabu kwa sababu ni jepesi na lina hewa ndani. Mwaka 64 Roma ilipoteketea, mtawala wake Nero aliagiza sehemu fulani za majengo mapya zijengwe kwa mawe ya volkano ya Gabii na Alba, bila mihimili ya mbao, kwa kuwa moto hauyapenyi. Ubaya wake sebuleni ni kwamba linatoa vumbi na linakunywa masizi kama sponji, na kulileta Njombe ni gharama ya bure. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka, huko huko Kenya, ni laini, linachongeka hata kwa panga, na mkitaka ua au nembo ya ukoo katikati ya jiwe la juu, hapo ndipo pake. Kwa rafu litakwaruzwa mno. Na msikubali kuuziwa mabamba ya kiwandani ya unga wa kwatzi uliogandishwa kwa gundi. Yanafaa sana kwa kaunta ya jikoni, lakini mbele ya moto gundi yake inaungua, na doa la kahawia linalotokea halitoki.

Mkienda kuchagua bamba, nendeni wote wawili, mchana, na mbebe chupa ya maji, ndimu na kisu. Msichague kwa sampuli ndogo ya dukani. Mwambieni muuzaji alisimamishe bamba lenyewe nje kwenye mwanga. Mmwagie maji uso mzima, mfute kwa kitambaa, kisha mrudi nyuma hatua mbili na kungoja. Uso unapokauka, nyufa hubaki zimelowa. Zinajitokeza moja moja kama mishipa ya mkono, hata zile ambazo jicho halikuziona bamba likiwa kavu. Mshipa wa asili ni jambo la kawaida, ila ukipitisha kucha haikwami. Ufa unaikwamisha. Sehemu itakayobaki na giza la maji kwa zaidi ya dakika kumi ina vinyweleo vingi, na hapo ndipo masizi yataingia. Kisha mligonge kwa kifundo cha kidole, sehemu sita au saba, kama alivyofanya bibi. Mlio ukibadilika ghafla, acheni.

Ndimu ni ya kujua mmeuziwa nini. Tone moja kwenye kipande cha ukingoni: likichemka mapovu madogo na kuacha doa lisilong'aa, ni marumaru au travatini. Lisipofanya lolote, ni itale au ni kigae cha kiwandani kilichochapwa mistari. Kigae utakijua ukitazama ubavuni. Mistari haiendelei ndani. Kisu kitaikwaruza marumaru na kitateleza juu ya itale. Kwenye marumaru nyeupe tafuteni pia vidoa vya rangi ya kutu. Hayo ni madini ya chuma, na kwa joto na unyevu vidoa vitatanuka hadi kuwa michirizi.

Uso wa jiwe usiwe wa kung'aa kama kioo. Chagueni uliosagwa laini bila kung'arishwa. Kwenye uso unaong'aa kila tone la chai ya ndimu au divai ya rafuni litaacha alama mtakayoiona mkiwa mlangoni, na mwanga wa moto ukipiga hapo unaumiza macho.

Vipimo nimewapigia hesabu kwa mdomo wenu wa 90 kwa 75. Mkanda mweusi wa sentimita 15 pande zote tatu unafanya nafasi iwe na upana wa 120 na kimo cha 90. Sikuutoa hewani mkanda huo. Kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 211 zinakataza mbao yoyote ndani ya sentimita 15 kutoka mdomo wa meko, na kuanzia hapo hadi 30 ubao ukijitokeza mbele unapimwa kwa ukali. Nami nimeona marumaru nayo inatulia ikianzia umbali huo. Miguu iwe na upana wa 18 kila mmoja, jiwe la juu liwe na kimo cha 25 na urefu wa 156, na rafu iwe na unene wa 5, kina cha 25, urefu wa 180. Rafu itakuwa sentimita 120 kutoka chini, kifuani kwa mtu mzima, mahali pazuri pa kuegemeza mkono ukiwa unaota moto umesimama.

Uzito wake msiupuuze. Rafu peke yake inakaribia kilo 60. Pamoja na jiwe la juu na miguu, miguu ikiwa ya jiwe zima lenye unene wa sentimita 10, mnapita kilo 200. Mzigo huo ushuke kwenye msingi kupitia miguu. Usining'inizwe ukutani kwa gundi, na miguu isisimame juu ya vigae vya sakafu. Pini za kushikia jiwe ukutani ziwe za chuma kisichoshika kutu. Nondo za kawaida zikipata kutu huvimba na kuipasua marumaru kwa ndani, halafu huivujishia rangi ya kahawia.

Jiwe la chini, mbele ya meko, watu hulifanyia ubahili, wakati ndilo linalookoa nyumba. Desturi ya Marekani ni sentimita 40 mbele na 20 kila upande kwa meko madogo, lakini mdomo ukifika futi 6 za mraba, yaani mita za mraba 0.56, inakuwa 50 mbele na 30 kila upande. Wenu ni mita za mraba 0.675, kwa hiyo nyie ni 50 na 30. Mkiwa na zulia au sakafu ya mbao, msipunguze hata kidole.

Kabla hamjanunua chochote, hakikisheni meko yanavuta moshi. Meko yanayotema moshi sebuleni yataiharibu marumaru msimu wa kwanza, na hamtakuwa na wa kumlaumu jiwe likiwa zuri. Pimeni nafasi ya ndani ya dohani, yaani bomba la moshi: kwa makisio iwe sehemu moja ya kumi ya mdomo. Mdomo wenu una sentimita za mraba 6,750, kwa hiyo tundu la dohani liwe 675, sawa na mraba wa sentimita 26 kwa 26. Juu ya paa dohani lipande angalau sentimita 90, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kilele cha paa kikiwemo. Washeni moto wa majaribio mara mbili tatu matofali yakiwa bado wazi. Moshi ukirudi, dawa rahisi ni kupunguza kimo cha mdomo kwa tofali moja kutoka juu, kisha vipimo vyote nilivyowapa vinashuka nacho.

Kitu kingine ambacho lazima mkisimamie wenyewe: mafundi wetu wa vigae wamezoea kusafisha simenti iliyobaki kwa asidi. Kwa kigae ni sawa. Kwa marumaru na travatini ni msiba, uso unaliwa papo hapo na hautarudi bila kusagwa upya. Waambieni kabla hawajaanza, na chupa ya asidi isiingie sebuleni kabisa. Simenti ya kubandikia marumaru nyeupe iwe nyeupe, kwa sababu ya kijivu huonekana kupitia jiwe kama kivuli. Dawa ya kuziba vinyweleo ipakwe baada ya jiwe kukauka kabisa, na muuzaji athibitishe inavumilia joto. Masizi yakikaa, yaondoeni makavu kwa brashi laini kwanza. Doa likibaki, changanyeni magadi ya kuokea na maji kidogo iwe kama uji mzito, bandikeni, funikeni kwa nailoni usiku kucha, mfute asubuhi.

Televisheni nisingeiweka. Kwenye vitabu vya maelezo vya televisheni nyingi kikomo cha joto la chumba ni nyuzi 40, na juu ya rafu ya meko yanayowaka mnaweza kupita hapo. Kama mume wako anang'ang'ania, ning'inizeni kipimajoto mahali hapo, washeni moto wa kawaida kwa saa mbili, msome. Namba itawaamulia. Upande wa shingo, kimo cha sentimita 120 na kuendelea kitamfanya kila aliyekaa kwenye kochi atazame juu kama yuko safu ya kwanza sinemani. Ukuta wa pembeni ni mzuri zaidi.

Na baridi isiwafanye muingize jiko la mkaa sebuleni wakati mnasubiri meko yakamilike. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Vumilieni kwa blanketi.

Jiwe likishasimama, ngojeni siku 28 simenti na chokaa vikomae kabla ya moto wowote. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vya mwati vilivyokauka, mkono mmoja tu, na uacheni ufe wenyewe. Msiwashe kwa msindano mbichi. Kuni mbichi zinapaka dohani masizi ya kunata ambayo baadaye hushika moto. Siku ya pili ongezeni kidogo, siku ya tatu kidogo tena, na kila mara wekeni kiganja kwenye marumaru pale inapokutana na mkanda mweusi. Kiganja kikiweza kutulia hapo kwa kuhesabu hadi kumi, endeleeni. Kikishindwa, punguzeni kuni, na mnitumie picha ya mdomo na ya dohani nione joto linatoroka wapi.